Meza moja, vimo vinne: kisa cha mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe

Mkahawa wenyewe uko ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, upande wa Kiponda, na sifa yake mjini ni kwamba hakuna kitu ndani yake kinachofanana na chenzake. Meza moja ni ubao wa mlango wa nakshi uliolazwa juu ya magogo mawili. Ya pili imesimama juu ya miguu ya chuma ya cherehani ya zamani. Ya tatu ni kasha la njumu, yaani la mapambo ya shaba, na anayekula hapo hana pa kuingiza magoti. Samadari nzima, kitanda cha kale, na nguzo zake nne, imetandikwa mito ikawa kochi. Upande wa dirishani imesimama nusu ya ngalawa, imekatwa kati na kutiwa rafu za gilasi. Juu zinaning'inia kandili, taa za chemni, fanusi za vioo vya buluu na vyekundu, na karabai moja isiyowaka tena. Ukutani kuna saa nyingi, na zote zimesimama.

Mwenye mkahawa ni kijana wa mtaani kwetu. Ninamjua tangu anasoma skuli. Sitamtaja yeye wala mkahawa wake kwa jina, ndiyo ahadi yetu. Aliniita kwa sababu kazi yangu ni kupanga kumbi za kulia na kufundisha wahudumu, na alikuwa na jambo linalomkosesha usingizi. Wageni kutoka nje wanapanda ngazi, wanashangaa, wanapiga picha, wanakula, wanaondoka wakisifu. Wenyeji wanakuja mara moja tu. Familia za Unguja, na hata jamaa zao wa Pemba na Dar es Salaam wanaoletwa kutembezwa, hawarudi. Masika yakiingia na wageni wa nje wakipungua, ukumbi unabaki mtupu na mishahara inalipwa kwa kukopa.

Yeye alikuwa na jibu lake tayari: chakula. Sahani za wenyeji zilikuwa zinarudi jikoni na samaki nusu, wakati mwingine hajaguswa kabisa, na mkate umekwisha. Akaamini kuwa mapishi hayawapendezi. Akabadilisha viungo, akapunguza pilipili, akaongeza ndimu, mwishowe akaachana na mpishi mmoja hodari na kuleta mwingine. Sahani zikaendelea kurudi vilevile. Nilimuomba aweke pembeni daftari la mahesabu kwanza. Nilitaka kuona familia ikila pale kwa shughuli ya kweli, kwa sababu mtu anayekuja peke yake kuonja chakula hawezi kukuonyesha ubaya wa ukumbi.

Shughuli ilipatikana bila kutafutwa. Mtoto wa kaka yangu ameoa Chake Chake, na wakwe walipovuka kuja Unguja alitaka kuwaalika nje usiku mmoja, wanawake wa nyumbani wapumzike na jiko. Akauchagua mkahawa huo kwa kuwa anaupenda. Tulikuwa bwana na bi harusi, wazazi wa pande mbili, bibi yake bi harusi ambaye magoti yanamsumbua, watoto wawili, na mimi.

Mhudumu alitupokea kwa adabu. "Shikamoo bibi," akaanza na mkubwa, akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Kisha akasema, "Karibuni, kaeni popote mpendapo."

Hapo ndipo usiku ulipoanza kuharibika. Kwetu mkubwa haambiwi akae popote. Huonyeshwa mahali, huwekewa mto, na wengine hukaa baada yake. Ukimwachia achague, mtu mwenye haya zake atachukua pa chini kuliko pote ili asionekane anajipa ukubwa ugenini. Na pale pa chini palikuwa chini kweli. Kuizunguka ile meza ya ubao wa mlango palikuwa na kigoda cha sentimita 30, benchi la skuli la sentimita 38, viti vya kawaida vya sentimita 45, na viti virefu vya kaunta vya sentimita 65. Nilivipima mwenyewe baadaye. Juu ya hivyo palikuwa na kinu kilichopinduliwa na kutiwa mto juu ya kitako chake. Meza ilikuwa na kimo cha sentimita 76, ambacho ni kimo cha kawaida na kinataka kiti cha 45 au 46, ili kiwiko cha mlaji kifike usawa wa ubao.

Bibi akakaa kwenye kigoda. Ukingo wa meza ukamfikia kifuani. Mjukuu wake mkwe, bwana harusi, alifika wa mwisho na kilichobaki kilikuwa kiti cha kaunta. Akajikuta anamtazama bibi na mama mkwe wake kutoka juu. Nilimuona alivyoona haya. Akashuka, akataka kubadilishana.

"Kaa mwanangu, mimi hapa pananitosha," bibi akamwambia.

"Hapana bibi, haiwezekani."

"Kaa, chakula kisipoe."

Hakukaa. Alikula amesimama, ameegemea, kwa kisingizio kwamba anawahudumia watoto. Mama wa bi harusi alionyeshwa kinu. Akakitazama, akasema kwa upole, "Kinu hakikaliwi." Sisi tuliolelewa na bibi zetu pwani hii tunajua hivyo, hakikaliwi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa isipokuwa mhudumu, kijana aliyetoka mbali, ambaye hakuwa na kosa lolote. Mama wa bwana harusi akainuka: "Dada, njoo ukae hapa pangu." Akajibiwa, "Usijisumbue dada, mimi nitakaa na watoto." Akaenda samadarini. Kwa hiyo wazazi wa pande mbili, waliokuja kukaa pamoja kwa mara ya kwanza nje ya shughuli za harusi, wakala mmoja huku na mmoja kule. Mazungumzo yakafa. Kila mtu alikuwa mpole, na kila mtu alisubiri kuondoka.

Bibi huyu nyumbani kwake anakula chini, juu ya mkeka, kila siku ya Mungu. Uchini haumdhalilishi hata kidogo. Kwenye mkeka kila aliyezunguka sinia yuko kimo kimoja, na ukubwa unaonekana kwa anayenawishwa mikono kwanza na anayesogezewa kipande kizuri cha nyama. Kilichomuumiza ni kuwa chini peke yake, huku aliowazaa na waliooa kwake wakiwa juu. Mgeni kutoka nje hukaa kwenye kigoda kile akacheka na kupiga picha, kwa sababu yeye na mwenzake hawana mzigo huo baina yao. Kwa familia ya Kizanzibari, hasa ya wakwe, kimo cha kiti ni sehemu ya heshima inayotolewa mezani.

Sasa nifike kwa wale samaki wanaorudi jikoni. Tuliletewa changu wa kupaka, pweza wa nazi, biriani na mkate wa kumimina. Chakula kilikuwa kizuri sana, nasema bila kupendelea. Yule pweza alikuwa laini na tui limeshika. Lakini juu ya meza yetu ilining'inia fanusi moja ya vioo vya buluu na nyingine ya vyekundu, na si zaidi ya hapo. Mchuzi wa manjano chini ya mwanga wa buluu hugeuka rangi ya majivu. Na changu ana miba. Anayekula samaki wa miba kwa mkono, kama tunavyokula sisi, anahitaji kuona anachokichambua, na mzee mwenye macho hafifu anahitaji zaidi. Bibi alimgusa samaki mara mbili, akamwacha, akamaliza mkate. Baba wa bi harusi naye akafanya hivyohivyo. Sahani zilipokwenda jikoni, nilimuona mwenye mkahawa mlangoni akizitazama, na uso wake ukaniambia kwamba atambadilisha mpishi tena.

Mgeni wa nje mara nyingi huagiza samaki aliyetolewa miba, au kamba, au ngisi. Ndiyo maana sahani zake zilirudi tupu. Ushahidi ulikuwa mbele ya kijana wetu muda wote, na ulimdanganya kwa sababu aliusoma upande wa jiko tu.

Liko na jambo la njia. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ukumbi huu una upana wa sentimita 280. Weka meza ya sentimita 80. Kila upande mtu akikaa na kuvuta kiti anakula sentimita 75. Hiyo ni 230, na mhudumu anabaki na 50, ambazo zinamtosha mtu mwembamba aliyebeba sinia kwa uangalifu. Lakini kando ya ukuta yalikuwa yamepangwa makasha, kila moja likichukua zaidi ya sentimita 50. Njia haipo tena. Usiku ule mabakuli ya mchuzi yalipitishwa juu ya kichwa cha bibi. Kila yalipopita aliinamisha shingo. Kanzu ya baba wa bi harusi nayo ilinasa kwenye njumu za lile kasha la nyuma yake, ikachanika kidogo ubavuni. Hakusema kitu; alikunja mkono akaficha.

Nilipomweleza kijana haya, alidhani nitamwambia auze kila kitu na kununua meza na viti vya namna moja, kama kumbi nyingi za hoteli. Alikuwa amejiandaa kukataa, na angekuwa na haki. Vitu vile amevikusanya kwa mapenzi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikaingia mikononi mwa serikali na kupangishwa, na vyombo vilivyoachwa vikauzwa, vikagawanyika au vikaliwa na mchwa. Ubao ule wa mlango aliununua kwa mtu aliyekuwa anataka kuupasua kuni. Samadari ilikuwa imelala uani ikinyeshewa. Mimi ninamheshimu kwa kazi hiyo, na nilimwambia.

Tena kuchanganya vitu si jambo geni lililokuja na watalii. Kwenye makaburi ya kale ya pwani hii bakuli za Kichina zilipachikwa ndani ya mawe. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, iliweka pamoja nguzo za chuma cha kusubu, sakafu za marumaru na milango mikubwa ya nakshi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi vyumba vya matajiri wa Unguja vilivyopambwa: mashubaka ukutani yamejaa sahani za kaure na gilasi, baina yake vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, na saa kwa wingi. Mtu akiingia leo chumba kama hicho angesema pia kwamba hakuna kinachofanana na chenzake.

Tofauti iko kwenye mahali pa kuweka. Fundi wa kale aliyejenga chumba chembamba alijua hawezi kupoteza sakafu, kwa hiyo alichimba zidaka, yaani mashubaka hayo, ndani ya ukuta wenyewe. Mapambo yote ya ulimwengu, ya China, India, Uajemi na Ulaya, yakapanda ukutani juu ya chokaa nyeupe, na sakafu ikabaki na mkeka au zulia, ya watu. Watu wakakaa kimo kimoja. Vitu vikatofautiana juu yao. Kijana wetu alikuwa ameugeuza mpango huo bila kujua. Alishusha vitu vyote sakafuni, na akawapandisha na kuwashusha watu kufuata vitu.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa shangazi, zidaka nizitoe wapi? Ukuta huu ni mtupu."

Haukuwa mtupu. Mpangaji wa zamani alikuwa ameupiga plasta ya saruji, na ukigonga kwa vidole unasikia mahali panapoitika kwa uwazi, kwa mpangilio, upande mmoja wote. Saruji juu ya ukuta wa chokaa ina ubaya wake mwingine. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na kuutoa; ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka, rangi inabambuka, na ndiyo sababu alikuwa akipaka rangi kila mwaka. Lakini huwezi kuuvamia ukuta wa Mji Mkongwe kwa nyundo. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na iko Mamlaka ya kuuhifadhi iliyoundwa mwaka 1985. Aliomba kibali, akaleta fundi anayejua chokaa. Zidaka zilifunguliwa polepole, nyingine zimevunjika kingo, zikarekebishwa kwa chokaa. Saa zimeingia humo, na mirashi, vyetezo, dele la kahawa, sahani za kaure zilizokuwa zinakaa juu ya makasha. Makasha mawili yamebaki, yote mlangoni, yanawekewa viatu na mikoba.

Kuhusu viti nilikuwa mkali. Viti vinaweza kutofautiana kwa mti, kwa nakshi, kwa rangi, hata kwa karne, lakini kwenye meza moja vyote viwe baina ya sentimita 44 na 46. Seremala wa Mwembeladu alikata miguu ya vingine na kuongeza ya vingine, na benchi la skuli likapata vipande vya mti mgumu chini ya miguu yake. Viti vya kaunta vilirudi kwenye kaunta. Kigoda kimepanda kwenye zidaka. Kinu nilimwambia kirudi jikoni kwenye kazi yake, na mpishi alikipokea kwa furaha maana alikuwa anatwangia kwenye cha kuazima. Ubao wa mlango umefunikwa kioo kinene, kwa kuwa gilasi juu ya nakshi haitulii na mchuzi ukiingia kwenye michongo hautoki. Ile miguu ya cherehani ilikuwa bado na kikanyagio kinachocheza, kila mtu akigusa kwa mguu meza inatikisika. Imefungwa kwa waya mmoja.

Taa za rangi zimeachwa, lakini pembeni. Juu ya kila meza sasa iko taa moja yenye mwanga mweupe wa joto, imefunikwa kwa kawa la ukili lililopinduliwa, inamulika sahani na si macho. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko yote, na ndiyo iliyoleta matokeo ya haraka kuliko yote: samaki wameacha kurudi. Mpishi aliyeachishwa ameombwa arudi na amerudi.

Chumba kidogo cha nyuma kimetandikwa mikeka na mito, na familia inaweza kuagiza sinia moja na kula pamoja. Mhudumu anakuja na birika na tasa, anaanza kumnawisha mkubwa. Nilikaa nao wahudumu wote jioni kadhaa kufanya zoezi moja tu: kumtambua mkubwa wa kundi, kumsalimia, na kumpeleka mahali palipochaguliwa kwa ajili yake kabla ya mwengine kukaa. Neno "popote" tumelifuta. Chumba kile sasa kinawekwa mapema na familia za mjini siku za Ijumaa, na wapo wanaotoka Ng'ambo yote, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kuja kula pale na wazee wao.

Jambo moja hatujakubaliana, nalo ni ngalawa. Mimi naiona imeziba dirisha linaloleta upepo wa bahari. Wakati wa kaskazi meza tatu za nyuma yake ni joto tupu, na mtu mzima hawezi kukaa hapo saa nzima. Nilipendekeza ishushwe chini mlangoni. Yeye anasema ilikuwa ya babu yake, mvuvi wa Nungwi, na chini maji yanaingia masika, itaoza. Kwa unyevu ana haki, nimepaona. Fikra iliyobaki ni kuitundika darini, na hapo wasiwasi ni boriti: ni mikoko ya zamani, na hakuna ajuaye ncha zake zilizomo ndani ya ukuta zina hali gani. Ameitwa fundi wa majahazi kutoka Nungwi apime uzito wa ile nusu, na fundi wa chokaa afungue ukuta penye ncha mbili azitazame. Mpaka wote wawili waseme, ngalawa itakaa ilipo, na zile meza tatu hazipewi familia yenye mzee.